Kubisha Hodi Washington: Wiki Moja na Watarajali wa Kiyahudi

Jumapili, 21 Julai 2019

Basi la usiku kutoka Columbus lilinishusha Union Station alfajiri, na hata saa ile hewa ilikuwa nzito. Wiki hii joto limetanda mashariki yote ya Marekani. Mchana linakaribia nyuzi 37, tena ni lile la unyevunyevu, shati linaganda mgongoni kama uko Tanga mwezi wa Februari.

Nimekuja kwa mwaliko wa mwanafunzi wangu. Nafundisha Kiswahili katika chuo kimoja Ohio, na kila mwaka darasani hupata mmoja au wawili wanaokipenda kweli, si wa kutafuta alama tu. Huyu ni binti Myahudi kutoka mji mdogo wa kusini. Jimbo lake silitaji, maana baadhi ya watu nitakaowasimulia hawakujua kama wataandikwa. Kiangazi hiki ni mtarajali, anafanya mafunzo kwa vitendo kwenye shirika moja la Kiyahudi la utetezi: anafuatilia miswada, anaandika muhtasari, anapanda Capitol Hill, kilima lilipo Bunge la Marekani, kuonana na wasaidizi wa maseneta na wabunge. "Mwalimu, njoo uone," aliniandikia. Nimefikia kwa shangazi Silver Spring, nikalala hadi adhuhuri.

Alasiri nikawakuta yeye na wenzake kwenye uwanja mrefu wa National Mall, wakitembezwa na mama mmoja anayewafundisha historia. Kati yao alikuwamo kijana wa New Jersey, Myahudi wa Kiothodoksi, wale wanaoshika sheria za dini yao kikamilifu, kikofia kichwani, midomo imemkauka. Amefunga. Leo ni saumu ya tarehe 17 Tamuzi ya kalenda yao, ukumbusho wa siku kuta za Yerusalemu zilipobomolewa. Ilitakiwa kuwa jana, lakini jana ilikuwa Sabato, ikasogezwa.

"Hata maji?" nikamuuliza.

"Hata maji, mpaka nyota zitoke."

Hapa kiangazi jua huzama saa mbili na nusu usiku. Nikamuuliza kama wana daku. Akacheka, akasema aliweka nia kabla ya kulala, akaamka saa kumi akala mayai. Binti, mwanafunzi wangu, ambaye ni wa madhehebu ya Reform, Wayahudi wasiobanwa sana na sheria hizo, na hakufunga, alikuwa akirudi nyuma ya kundi kila anapotaka kunywa maji, asimtese mwenzake.

Mwalimu wao aliwasimulia visa viwili, akavipanga bega kwa bega bila maelezo. Cha kwanza: Desemba 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali Grant alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote katika eneo la kijeshi alilolisimamia. Mfanyabiashara Cesar Kaskel wa Paducah, Kentucky, akakimbilia Washington, akamtafuta mbunge wa Cincinnati aitwaye John Gurley, na tarehe 3 Januari 1863 wakaingia kwa Rais Lincoln. Amri ikafutwa. Cha pili: tarehe 6 Oktoba 1943 marabi wapatao 400 walikuja mji huuhuu, kanzu nyeusi na ndevu, kuomba Wayahudi wa Ulaya waokolewe. Makamu wa Rais Henry Wallace aliwapokea kwenye ngazi za Capitol. Rais Roosevelt hakuonana nao.

"Kaskel alifaulu kwa sababu alikuja na mbunge mkononi," akasema kijana wa New Jersey.

Mama akampinga. Maandamano yale, alisema, yalizidisha shinikizo, na Januari 1944 Roosevelt akaunda Bodi ya Wakimbizi wa Vita. Ilichelewa mno, lakini ilipatikana. Walibishana hadi Lincoln Memorial, kijana bila tone la maji, wala sauti yake haikushuka.

Jumatatu, 22 Julai

Siku ya karatasi. Kiangazi Washington hujaa vijana wa namna hii, na mashirika ya Kiyahudi yana mipango yao: Reform wana Machon Kaplan, Orthodox Union nao huwatafutia vijana wao nafasi kwenye ofisi za wabunge na idara za serikali, na yapo mengine. Kijana wa New Jersey yuko ofisi ya mbunge, anapokea simu na kuwatembeza wageni ndani ya Capitol. Binti yuko upande wa pili wa meza, upande wa waombaji.

Ombi lao wiki hii linahusu fedha za ulinzi kwa mashirika yasiyo ya kibiashara. Mfuko wenyewe ulianza 2005 na unasimamiwa na FEMA, shirika la serikali kuu la maafa. Sinagogi, kanisa, msikiti, shule au kituo cha wazee kinaweza mwaka huu wa 2019 kuomba hadi dola 100,000 za kamera, milango imara, uzio, nguzo za zege za kuzuia magari. Mwaka huu mfuko una dola milioni 60, lakini milioni 50 ni za miji mikubwa iliyoorodheshwa kuwa hatarini. Sehemu nyingine zote za nchi zinagawana milioni 10. Mji wa binti uko kwenye hizo nyingine zote. Bunge la Wawakilishi lilishapitisha Mei muswada wa kuidhinisha dola milioni 75 kila mwaka kwa miaka mitano. Seneti bado.

Nilisoma orodha ya wanaostahili mara ya pili. Msikiti. Nasali Columbus, na baada ya mauaji ya Christchurch mwezi wa Machi, watu 51, tulianza kupeana zamu kusimama mlangoni Ijumaa. Sikuwahi kusikia mtu yeyote kwetu akiutaja mfuko huu.

Asubuhi nzima binti alikuwa akipunguza maneno. Msimamizi wake anataka ukurasa mmoja: tatizo, muswada, namba ya muswada, ombi. Rasimu ya kwanza ilianza na historia ya chuki dhidi ya Wayahudi tangu enzi za kati. Msimamizi akakata aya mbili kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Anajua. Unataka afanye nini?" Mchana aya ya kwanza ilikuwa inamhusu daktari wa meno mstaafu. Ndiye anayekaa mlangoni mwa sinagogi lao kila Jumamosi tangu Oktoba 27 mwaka jana, siku watu 11 walipouawa ndani ya sinagogi la Tree of Life huko Pittsburgh. Mlango wenyewe ni wa kioo.

Jioni tulipita mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Watu walikuwa wamepanga foleni ndefu juani kumuaga Jaji John Paul Stevens, aliyefariki wiki iliyopita. Wengi wao vijana wenye suti na raba, viatu vya ofisini viko mkobani. Ndio mtindo wa hapa.

Jumanne, 23 Julai

Jengo la Hart, la ofisi za maseneta. Ukumbini kuna milima mirefu ya chuma cheusi, kazi ya Alexander Calder. Zamani juu yake yalining'inia mawingu, yakashushwa 2016 kwa usalama, ikabaki milima peke yake. Binti alikuwa akirudia maneno yake chini kwa chini huku akizunguka mguu wa mlima mmoja.

Nilidhani tutaonana na seneta. Nilikuwa nimevaa tai kwa ajili hiyo. Akatoka msaidizi, kijana wa kiume ambaye ukimkuta kituo cha basi utamwita mdogo wangu, akasema chumba cha mikutano kina watu, tuongee hapahapa koridoni. Basi pale, karibu na mashine ya maji, ndipo mambo ya nchi hii yanapoanza: mtu wa miaka ishirini na kitu akimwomba mwenzake wa miaka ishirini na kitu. Anayoandika huyu kwenye daftari lake ndiyo seneta atakayosoma usiku, akisoma.

Binti hakuyumba. Alimtaja daktari wa meno. Alitaja mlango wa kioo. Akasema mji wao uko nje ya orodha ya miji mikubwa, akasema ombi: seneta atie jina kwenye muswada. Msaidizi aliandika, kisha akauliza swali moja: huko jimboni, ni taasisi ngapi ziliomba fedha hizi zikakosa?

"Sina namba hiyo," akasema binti. "Nitakuletea Alhamisi."

Tulipotoka nilimwambia ningekuwa mimi ningebabaika, ningetunga. Akasema hilo ndilo jambo la kwanza walilofundishwa: usitunge, ahidi, rudi. Ahadi inakupa sababu ya kubisha hodi tena.

Koridoni tulipishana na wazima moto wa New York, wazee kwa vijana, fulana zenye majina ya vikosi vyao. Leo Seneti imepiga kura 97 kwa 2 kuendeleza mfuko wa fidia wa waathirika wa Septemba 11 hadi miaka ya 2090. Mchekeshaji Jon Stewart alikuwa nao. Mpelelezi Luis Alvarez, aliyetoa ushahidi Bungeni mwezi wa Juni akiwa hoi kwa saratani, hakuishi kuiona siku hii. Alifariki kabla Juni haijaisha. Watu hawa wamekuwa wakija hapa miaka na miaka, wakihesabu ofisi moja baada ya nyingine. Binti aliwaangalia mpaka wakapotea kwenye kona.

Usiku Bunge likapitisha azimio la kulaani kampeni ya kususia Israel, kura 398 kwa 17. Miongoni mwa hao 17 ni Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyewahi kuishi kambi ya wakimbizi Kenya, ambaye wiki iliyopita umati kwenye mkutano wa Rais Trump uliimba arudishwe alikotoka. Shangazi, ambaye hana habari na siasa za mtu, ana habari na Ilhan. "Yule ni mtoto wa jirani," anasema.

Nilitegemea watarajali washangilie kwa pamoja. Wapi! Kijana wa New Jersey aliona kura ile imechelewa. Binti aliona azimio halifanyi lolote zaidi ya kuwafurahisha waliolipigia, na nguvu zile zingetumika kwenye milango ya kioo. Msichana mwingine, wa California, alisema kususia ni haki ya mtu hata kama yeye hasusii. Walizozana wakila pitsa ya jibini hadi saa nne. Kwetu ugomvi wa namna hiyo ungevunja chama. Wao walimaliza kwa kupangiana nani ataleta mkate Ijumaa.

Jumatano, 24 Julai

Robert Mueller, aliyechunguza Urusi kuingilia uchaguzi wa 2016, anahojiwa Bungeni leo, saa mbili unusu asubuhi. Foleni ya kuingia ukumbini kwenye jengo la Rayburn ilianza kabla ya mapambazuko, karibu wote ni watarajali. Mji mzima una televisheni moja.

Kijana wa New Jersey hakupata ruhusa. Alikaa kwenye simu. Mchana alitoka kwa dakika chache akanisimulia utaratibu: jina, namba ya posta, unaunga mkono au unapinga nini, asante, nitamfikishia mheshimiwa. Anayetukana husikilizwa mpaka apumue. Kuna bibi mmoja hupiga kila siku kulalamikia helikopta. Naye ameandikwa, ana mstari wake.

Shangazi alikuwa amenifungia maandazi niwapelekee "wale watoto". Binti alichukua mawili. Kijana aliyanusa, akasifu iliki, akauliza yamekaangwa kwa mafuta gani, kisha akasema hawezi kula, jiko si kosher, yaani halali kwa sheria za Kiyahudi, na tafadhali nimwombe shangazi radhi. Hakuna aliyeona haya. Ndani ya mfuko kulikuwa na ndizi moja, akala hiyo.

Niliuliza habari ya mishahara, maana kwetu mtu akisema yuko "field" unajua baba yake ndiye mlipaji. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kila mbunge amepewa dola 20,000 za kuwalipa watarajali. Kabla ya hapo wengi walifanya bure, na mashirika mengi mpaka leo yanatoa posho ndogo au hayatoi kitu. Vyumba wanavyokodi kwenye mabweni ya vyuo hapa mjini kiangazi si vya bei ya huruma. Kwa hiyo anayebisha hodi Washington kwanza ni yule ambaye nyumbani hawategemei ujira wake wa Julai. Jumuiya za Kiyahudi zimelijua hilo, nyingine zinachangishana nauli na kodi. Sisi tunachangishana harusi na misiba, na tunachanga vizuri, lakini sijaona bahasha ya kumpeleka kijana wetu mmoja akakae wiki nane kwenye ofisi ya mbunge wa Columbus.

Alhamisi, 25 Julai

Binti alikesha na simu na barua pepe, akapata namba kutoka idara ya jimbo lake inayopokea maombi. Tukarudi Hart. Msaidizi alikuwa kwenye kikao, tukasubiri kwenye sofa la ngozi chini ya ramani ya jimbo. Alitoka akiwa na haraka, akaipokea karatasi, akaisoma hapohapo amesimama, akauliza: "Hii naweza kuitumia?" Basi. Hakuahidi chochote.

Mchana Bunge likapitisha makubaliano ya bajeti, 284 kwa 149, na ilipofika jioni wabunge wakaanza kukimbilia uwanja wa ndege. Likizo ya Agosti. Kwenye njia ya chini ya ardhi kutoka jengo la Cannon, ukutani zimepangwa picha walizochora wanafunzi wa sekondari wa kila jimbo la uchaguzi, na mbele yake waheshimiwa wanaburuta masanduku ya magurudumu bila kuzitazama.

(Naongeza mstari huu baadaye: muswada wa fedha za ulinzi ulipita Seneti Desemba, ukatiwa sahihi tarehe 24 Januari 2020.)

Ijumaa, 26 Julai

Massachusetts Avenue ina mengi zaidi ya balozi za nchi. Namba 2027 ni jengo la RAC, kituo cha utetezi cha Wayahudi wa Reform kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndani kuna chumba cha mikutano ambamo sehemu za Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ziliandikwa, mashirika ya Weusi na ya Wayahudi yakikaa pamoja. Aliyewezesha kununuliwa kwa jengo ni Kivie Kaplan, mwenye viwanda wa Boston, ambaye baadaye alikuwa rais wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kuanzia 1966 hadi kifo chake 1975. Alikuwa na tabia ya kugawa kadi ndogo za kuwaambia watu waendelee kutabasamu. Sipendi watu wa kadi kama hizo, lakini huyu naona alilipia haki ya kuzigawa.

Saa sita nikawaaga, nikapanda barabara ileile, nikazunguka Sheridan Circle, mpaka namba 2551, Islamic Center, msikiti uliozinduliwa 1957 Rais Eisenhower akihudhuria. Nikasali Ijumaa. Kutoka chumba kile cha sheria hadi hapa ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Jioni, chakula cha Sabato kwa familia moja Georgetown. Nilikuwa nimebeba daftari, nikaliacha mfukoni: Sabato ikishaingia hawaandiki, sikuona vema kuandika mbele yao. Mishumaa iliwashwa saa mbili na dakika chache, jua bado liko juu ya mapaa. Simu zote zikazimwa, nikagundua wiki nzima sijaiona meza ya mji huu isiyo na simu. Wakanawa mikono kwa kikombe chenye mikono miwili, na kutoka kunawa hadi kuonja mkate hakuna anayesema neno. Meza ya watu waliokuwa wakibishana tangu Jumapili, kimya kabisa, wanaombana chumvi kwa macho. Halafu mkate ukakatwa na kelele zikarudi zote kwa mpigo.

Nilikula kuku wao bila wasiwasi na zabibu yangu isiyochachuka. Mwenyeji alisimulia habari za Seneta Joe Lieberman, aliyekuwa akiishi maeneo hayo: kura muhimu ikiangukia Sabato, alitembea kwa miguu hadi Capitol, maili kadhaa, mvua au jua, walinzi nyuma yake. Kijana wa New Jersey aliuliza swali la kisheria kuhusu kupiga kura kwa kitufe siku ya Sabato, na hapo ndipo nilipojua hatutaondoka mapema.

Jumamosi, 27 Julai

Wao wamepumzika. Mimi na shangazi tumekwenda sokoni kutafuta mihogo.

Jumapili, 28 Julai

Kabla ya kupanda basi nilimpigia mhazini wa msikiti wetu Columbus, mzee wa Barawa anayeongea Kiswahili cha zamani chenye adabu kuliko changu. Nikamweleza mfuko wote. Awamu ya mwaka huu imeshafungwa, lakini ya mwakani itafunguliwa. Maombi yanapitia idara ya jimbo. Inatakiwa tathmini ya udhaifu wa jengo na maelezo ya kila kitu tutakachonunua.

"Fedha za serikali," akasema. "Wakishatupa, watataka kutazama na mambo yetu."

Nikamwambia hofu hiyo ninaijua, na kwamba wapo Waislamu wanaokataa kwa sababu hiyohiyo, na wapo waliokubali.

"Wanakupa taslimu?"

"La, mzee. Kwa kawaida mnanunua kwanza, mnapeleka risiti, wanarudisha."

"Tutoe sisi kwanza!" Akanyamaza kidogo, nikasikia akipiga hesabu kwa mdomo. "Na nani ataandika hizo karatasi?"

"Mjukuu wako yuko chuo, mzee. Kiangazi chote yuko nyumbani."

"Yule? Yule analala mpaka adhuhuri."

"Namba yake ninayo."

"Basi mpigie wewe," akasema. "Mpigie sasa hivi, uone kama ataamka."